UZI: Kanuni za autokrosi Mwanza – tuandike zile tunazoweza kuzipima

#1 | Kapripoint_Koni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kiangazi kikikaribia, rasimu za kanuni za autokrosi huanza kuzunguka kwenye makundi ya wenye magari hapa Mwanza, na nyingi zina ugonjwa mmoja. Zimenakiliwa kutoka klabu za Marekani na Uingereza, kwenye viwanja vya lami, mizani ya magurudumu manne na maabara za mafuta. Sisi tuna moramu na kichanga pande za Kisesa, Usagara na Buswelu, tuna mafundi wazuri wa Nyakato, na magari mengi ni Vitz, Starlet, Corolla na Subaru chache.

Kwa mgeni wa jambo hili: autokrosi ni gari moja moja kushindana na saa, katikati ya koni, gia ya kwanza na ya pili. Hakuna kugongana wala kupitana. Ndiyo maana gari la kwenda kazini linaweza kushiriki, na ndiyo maana usawa wa kanuni unauma sana: mtu akishindwa kwa nusu sekunde anataka kujua ameshindwa na dereva au na kitu kilichofichwa chini ya boneti.

Naomba uzi huu ufanye kazi moja. Ukipendekeza kanuni, sema itapimwaje, kwa kifaa gani, na itachukua dakika ngapi pale uwanjani. Ikikosa jibu tuiache. Kanuni isiyopimika inamfunga mwaminifu peke yake: yeye anaitii kwa gharama zake, mwenzake anaivunja, na mkaguzi hana la kusema.

Na msingi wa kuandika uwe huu: kisichotajwa kuwa kimeruhusiwa, kimekatazwa. Ukigeuza, ukaandika orodha ya makatazo, kila msimu utaongeza ukurasa kwa sababu ya kitu ambacho hukukifikiria.

Tuanze na injini.

#2 | FundiNyakato

Mkuu umeanza pazuri. Kwa Vitz na jamii yake hatari kubwa ni kubadilishana injini za 2NZ-FE na 1NZ-FE. Moja ina cc 1298, nyingine cc 1497, na kwa macho zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha kibati mtu hatambui. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 75.0. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni: 2NZ ni milimita 73.5, 1NZ ni 84.7.

Kwa hiyo huhitaji kufungua hedi (kifuniko cha juu cha injini). Toa koili na plagi ya silinda namba 1. Ingiza kijiti laini kirefu, cha plastiki au mwanzi ulionyooka, usitumie chuma maana kinakwaruza kichwa cha pistoni. Mtu mmoja azungushe krenki kwa spana kwenye nati ya puli, polepole, kwa uelekeo wa injini. Weka alama kwenye kijiti pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa. Pima umbali kati ya alama mbili. Kijiti kikilala kidogo kipimo kitapotoka milimita moja hivi, lakini tofauti unayoitafuta ni milimita 11, haijifichi. Kazi nzima dakika 15.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni uchafu: puliza hewa kwenye tundu la plagi kabla ya kufungua, la sivyo mchanga unaingia kwenye silinda na klabu italaumiwa kwa haki. La pili ni kijiti kifupi kutumbukia. Kifunge kamba.

1SZ-FE ya Vitz ya cc 997 ni kipenyo 69.0 kwa mwendo 66.7, nayo inapimika hivyo hivyo.

Mambo ya kamshafti (shafti inayofungua vali) na kusaga hedi sina njia rahisi ya kuyapima uwanjani. Kupima kompresheni kunakuambia tu kama silinda zinalingana, hakukuambii kama hedi imesagwa milimita 0.5.

#3 | Mita1134

Kabla hatujaondoka kwenye injini, tuzungumze tabo (pampu inayosukumia injini hewa ya ziada), maana hapa ndipo kunakili kunaumiza.

Kizidishi cha 1.7 ambacho FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) imekitumia miaka mingi kwa injini zenye tabo kinajulikana: EJ20 ya Subaru, cc 1994, inahesabiwa kama cc 3390. Sawa. Lakini sisi tuko kando ya ziwa ambalo uso wake uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Kwenye mita 1,140 kanieneo ya hewa ni kama kPa 88, wakati Dar ni 101. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi inapoteza karibu asilimia 13 ya nguvu zake. Gari la nguvu farasi 109 kwenye karatasi lina kama 95 hapa Mwanza, hata liwe jipya.

Tabo haipotezi hivyo. Chukua gari ambalo tabo yake inasukuma bar 1 (kPa 100) juu ya hewa ya nje, ikidhibitiwa na springi tu. Dar injini inapata bar 2.01 kwa jumla, Mwanza inapata 1.88. Imepoteza asilimia 6.5, nusu ya mwenzake. Na kama kompyuta ya gari inadhibiti kanieneo ya jumla, na tabo yenyewe haijafika mwisho wa uwezo wake, inaweza isipoteze kitu.

Ukipiga hesabu, 1.7 ya usawa wa bahari inakuwa 1.82 kwa gari la springi na 1.95 kwa gari linalojifidia lenyewe. Starlet yenye 4E-FTE, cc 1331, kwa 1.7 ni 2263. Kwa 1.95 ni 2595. Ukiweka mpaka wa daraja kwenye 2500, gari hilo hilo linahama daraja kwa sababu ya mwinuko tu. Napendekeza 1.9 kwa tabo zote, tusianze kutofautisha aina ya udhibiti maana hiyo hatuwezi kuikagua.

Njia nyingine ni pete ya kubana hewa mdomoni mwa tabo. Hiyo inapimika kwa kalipa. FIA iliweka milimita 32 kwa magari ya kundi N, na pete iwe ndani ya milimita 50 kutoka kwenye mapanga ya tabo. Kipimo cha udanganyifu ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, ziba mdomo wa pete kwa kiganja kilichovaa glovu nene au kwa bamba bapa. Injini lazima izime. Ikiendelea kuunguruma, kuna hewa inaingia pengine.

#4 | Gia_ya_Pili

Mkuu Mita1134 hesabu zako sizipingi, ila naona unazipa uzito usio wake. Kwenye koni zilizopangwa mita 15 hadi 20, gari halifiki kilomita 80 kwa saa. Huko nguvu haipati nafasi ya kufanya kazi. Subaru yenye tabo inachelewa kushika, na ikishika tayari uko kwenye koni inayofuata. Vinavyoamua ni tairi, uzito na difu (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia).

Difu ndiyo inayosahaulika kwenye rasimu. Vitz yenye difu ya kubana inatoka kwenye kona ya moramu kama imevutwa na kamba, wakati ya kawaida inazungusha gurudumu la ndani bure. Kuikagua: nyanyua magurudumu yote mawili yanayoendesha, weka stendi, usitegemee jeki. Gari la manyuo liwe kwenye gia, la otomatiki liwe kwenye P. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Difu ya kawaida, gurudumu la pili litazunguka kinyume, kwa wepesi. Iliyochomelewa haitazunguka kabisa. Ya kubana yenye sahani itakataa kwa nguvu. Ya kimiminika itakubali polepole, kama unakoroga ugali mzito.

Nisiwafiche: ile ya meno, aina ya Torsen, ikiwa haina mzigo hujifanya ya kawaida na kipimo hiki hakiikamati. Kwenye Vitz na Corolla za kawaida ni nadra, kwa hiyo bado kipimo kinafaa.

#5 | Mita1134

Nakubali kuhusu difu, na nakubali kwamba uwanja wa koni za karibu unapunguza faida ya tabo. Lakini waandaaji huwa wanaweka mnyooko (njia iliyonyooka) mmoja mrefu ili watazamaji wafurahi, na hapo 1.7 inarudi kuwa dhuluma. Basi tuandike yote mawili: kizidishi 1.9, na hakuna mnyooko unaozidi mita 60 bila koni. Hilo la pili linapimwa kwa utepe asubuhi.

#6 | Dada_Koni

Tairi, ndugu zangu. Rasimu nyingi zinasema "tairi lenye kiwango cha kuchakaa 200 au zaidi". Kiwango hicho ni takwa la Marekani, kinaandikwa ubavuni mwa tairi linalouzwa huko. Tairi nyingi zinazoshuka hapa ni mitumba ya Japani iliyotengenezwa kwa soko la ndani, na hazina namba hiyo kabisa. Mkaguzi atafanya nini, atamrudisha nyumbani mtu mwenye tairi la kawaida la barabarani?

Kinachosomeka kwenye karibu kila tairi ni tarakimu 4 za mwisho za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Napendekeza tairi lisizidi miaka 6, lisiwe na nyufa ubavuni wala kati ya vijino, na kina cha vijino kisipungue milimita 3 kwa sababu tunakimbia kwenye moramu. Halafu vipimo vya rimu na tairi vibaki vya kiwandani kwa daraja la chini. Vitz nyingi ni 155/80R13, 165/70R14 au 175/65R14, chagua kimoja kati ya hivyo.

Kwa ulaini kuna kifaa kidogo cha sindano kinachosoma Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira), hakina bei kubwa. Tairi la barabarani kwa kawaida liko kati ya 60 na 70. Lililolowekwa dawa ya kulainisha linashuka chini ya hapo, na mara nyingi linanuka kiyeyushi. Lakini pima asubuhi, kivulini, kabla gari halijakimbia, sehemu 5 za kila tairi, uchukue wastani. Ukipima tairi lililoanikwa juani saa nane mchana utamfukuza mtu asiye na kosa.

Seti moja ya tairi 4 siku nzima. Zipakwe alama ya rangi ubavuni zikishakaguliwa, na tairi lililotoboka libadilishwe mbele ya mkaguzi.

#7 | Jiwe_la_Bismarck

Uzito nitauchukua mimi.

Vitz nyingi za kizazi cha kwanza, zikiwa tupu, zina kilo 850 hadi 900 na kidogo. Dereva wa kilo 60 na dereva wa kilo 95 wana tofauti ya kilo 35, karibu asilimia 4 ya gari zima. Kwa hiyo uzito wa chini upimwe dereva akiwa ndani, amevaa kofia, tanki likiwa kama lilivyotoka mbioni. Tairi la akiba, jeki na spana vitoke kwa kila mtu, kwa usalama na kwa usawa.

Shida ni mzani. Tulionao ni wa malori: kwenye viwanda vya kuchambua pamba, kwenye maghala. Mingi inasoma kwa hatua za kilo 20. Ikisoma 940, gari linaweza kuwa 931 au 949. Hapo watu hupigana.

Fanya hivi. Mzani uwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo ambao haujaisha muda. Gari likiwa juu yake, ongeza madumu ya maji ya lita 5, moja baada ya jingine, hadi namba iruke. Lita 5 ni kilo 5. Ikiruka kutoka 940 kwenda 960 kwenye dumu la pili, unajua gari lenyewe liko kati ya 940 na 945. Usisahau uzito wa madumu yenyewe, pima kumi kwa mpigo kwenye mzani wa dukani. Kwa njia hii mzani wa lori unakupa usahihi wa kilo 5, bila kununua kitu. Magari yote yapimwe mzani mmoja, siku moja, na yaingie kwa upande ule ule.

Anayepungukiwa aweke vipande vya chuma, vifungwe kwenye sakafu ya abiria kwa bolti zisizopungua 2 kwa kila kipande, M10 daraja 8.8, na bamba la milimita 3 upande wa chini. Mifuko ya mchanga hapana. Gari likipinduka, kilo 20 za mchanga zinakuja kichwani.

#8 | Gia_ya_Pili

Hilo la madumu nimelipenda sana. Liingie kwenye kanuni neno kwa neno.

#9 | SaaTatuKasoro

Mmezungumza magari, hamjagusa uwanja wala saa, na mashindano mengi ya moramu huharibikia huko.

Udongo kwanza. Kwenye luseni, kile kichanga chepesi cha miteremko ya majabali, gari la kwanza linasukuma kokoto nje ya njia na kila anayefuata anapata ardhi ngumu zaidi. Wa kumi anaweza kuwa na uwanja wa haraka kuliko wa kwanza kwa sekunde nzima. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ni kinyume: ukiwa na unyevu, kila gari linachimba mtaro na wa mwisho anakuta matuta. Ukiwa umelowa kabisa usikimbie, tope linajaza vijino na tairi linakuwa donati.

Dawa ni mpangilio. Raundi 4. Raundi ya 1 na ya 3 kwa mpangilio wa kura, ya 2 na ya 4 kinyumenyume. Matokeo ni jumla ya muda bora katika 1 na 2, na muda bora katika 3 na 4. Ukichukua muda bora mmoja wa siku nzima umemzawadia aliyebahatika na foleni.

Boza la maji lipite kati ya raundi tu, halafu magari mawili yasiyoshindana yapite njia nzima mara mbili kabla ya mshindani. Anayetangulia baada ya boza bila hivyo anaendesha juu ya sabuni.

Sasa saa. Saa ya mkono ina mkono wa mtu, na mkono huo hutofautiana sehemu ya kumi au mbili za sekunde kati ya gari na gari. Kama ndiyo mliyo nayo, watu watatu wapime, mchukue namba ya katikati, na mtangaze hadi sehemu ya kumi tu. Kutangaza sehemu ya mia kwa saa ya mkono ni kutangaza kisichojulikana. Muda ukilingana, angalieni raundi ya pili kwa ubora.

Bora zaidi ni vihisi vya mwanga kama vile vya mageti ya umeme, jozi moja mwanzo na jozi moja mwisho, vyote vikiingia kwenye saa moja kwa waya. Vikiwa vya aina moja, ucheleweshaji wa mwanzo na wa mwisho unafutana. Viwekwe sentimita 50 kutoka chini. Chini ya hapo kokoto zinazoruka zinavikata. Gari lianze mita 1 nyuma ya mwanga, kwenye mstari uliochorwa, ili saa ianze likipita na wepesi wa dereva kuona bendera usihesabike. Na kipokezi kisitazame magharibi. Jua la jioni linaloshukia ziwani linakipofusha na mtakuwa na muda wa ajabu kuanzia saa kumi na moja.

Upepo nao: mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, vumbi linafuata. Watazamaji wakae upande wa ziwa, na gari linalofuata lisiondoke hadi koni ya mwisho ionekane kutoka mstari wa kuanzia.

Koni iliyoangushwa au kutoka nje kabisa ya mraba wake ni sekunde 2. Chora mraba kwa chokaa kuizunguka kila koni, ndipo msimamizi anaweza kuamua bila kubishana.

#10 | Mgeni_Igoma

Wakuu naomba kuuliza. Kwa gari la kawaida kabisa la daraja la chini, Vitz ya otomatiki, ni maandalizi gani ya lazima ambayo hayavunji kanuni? Naona mnazungumza ukaguzi tu.

#11 | FundiNyakato

Karibu mdogo wangu, swali zuri. Vinavyoharibika siku ya mbio ni vile ambavyo barabarani vinavumilia.

Breki. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, ikishalowa inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Weka DOT 4 mpya; lita 1 inatosha kusafisha mfumo mzima, nusu lita mara nyingi inaishia njiani ukabaki na mchanganyiko. Anza na gurudumu la nyuma kushoto, ndilo la mbali zaidi na silinda kuu kwa magari ya usukani kulia, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Usiache kopo likauke. Ukanyagaji uwe wa polepole, ukipiga haraka unaikata hewa vipande vidogo na haitoki. Breki padi zisipungue milimita 5.

Rejeta. Kwa mwinuko wetu maji yasiyobanwa yanachemka karibu nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta ukichoka, gari linalotembea vizuri mjini linachemsha raundi ya pili. Badilisha mfuniko, ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote kwenye gari. Feni ijaribiwe ikiwa inawaka yenyewe.

Oili. Kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu inavuta hewa. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, usizidishe maana krenki itaipiga povu. Injini za NZ zinachukua lita 3.7 pamoja na filta.

Bamba la kukinga sampu: chuma cha milimita 3, liachane na sampu kwa kidole kimoja na nusu. Likigusa, jiwe likipiga bamba limepiga sampu. Toboa tundu la kumwagia oili, na usizibe hewa ya gia boksi. Otomatiki, na hasa zile za mkanda, zinapata moto na kompyuta inakata nguvu katikati ya mzunguko. Ukimaliza raundi usizime papo hapo. Acha iungurume dakika 2 boneti ikiwa wazi.

Nati za tairi: Nm 103 kwa Toyota hizi, zikazwe tena baada ya raundi ya kwanza. Boljointi na tairodi: nyanyua gurudumu, shika saa kumi na mbili na saa sita, tikisa, kisha saa tatu na saa tisa. Likicheza, usikimbie. Betri isitikisike kwa mkono. Zulia la dereva litoke. Filta ya hewa ibaki mahali pake; anayeitoa anapata nguvu ndogo kwa raundi nne na kusaga silinda kwa vumbi.

Presha: kwa tairi za mbele anza psi 36, nyuma 32. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye vijino hadi ubavuni. Kwenye ardhi ngumu, chaki ikifutika hadi ubavuni ongeza 2. Ikibaki juu ya vijino punguza 2. Kwenye kichanga usishuke chini ya 28, tairi litavuka rimu.

#12 | Dada_Koni

Naongeza kofia, maana watu watakuja na za bodaboda. Kofia ya pikipiki yenye alama ya usalama ya ECE au Snell M ni nzuri kwa pigo, lakini haijajaribiwa kwa moto. Ya magari ni Snell SA au FIA. Kwa autokrosi ya koni naona ECE ikubaliwe, mradi ina lebo ndani na haijapasuka. Kofia isiyo na lebo hapana, hata kama ni nzito.

Na tafadhali, keji (fremu ya mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka) ya bomba la maji isiruhusiwe hata kama mwenyewe anaona anajiongezea usalama. Keji ya kweli ni bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene 2.5 au 50 kwa 2.0 kwa upinde mkuu, miguu ikisimama juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120, bolti 3 za M8 daraja 8.8 kila mguu. Bomba la maji lina mshono, linafunguka kama maganda. Gari lisilo na keji kwa mwendo wetu ni salama kuliko lenye bomba la maji karibu na kichwa. Kipimo: kalipa kwa kipenyo, na tundu dogo la ukaguzi kwa unene.

Gari la wagonjwa liwepo. Likiondoka kumpeleka mtu Bugando au Sekou Toure, mashindano yanasimama hadi lirudi. Na kila mtu asome bima yake: bima za kawaida za magari kwa desturi haziingizi mashindano. Ruhusa ya AAT (chama cha magari Tanzania) na polisi itangulie kabla hamjatangaza tarehe.

#13 | Kapripoint_Koni

Nashukuru sana wakuu. Yamebaki yale yasiyopimika: mafuta, kompyuta ya gari, kamshafti na hedi.

Mafuta naona tusiandike oktani wala viongezeo. Tuandike kwamba kila gari linafika likiwa na taa ya mafuta imewaka, linajazwa lita 10 kutoka pampu moja mbele ya mkaguzi, na mfuniko unafungwa utepe wenye saini. Anayetaka kuweka mafuta ya ndege yenye risasi hana pa kuyaweka.

Kompyuta: mwandaaji awe na haki ya kubadilishana kompyuta za magari mawili ya aina moja kati ya raundi.

#14 | FundiNyakato

Kwenye kompyuta angalia, mkuu. Gari lenye chipu kwenye ufunguo halitawaka na kompyuta ya mwenzake. Vitz za awali zisizo na chipu zinakubali. Kwa hiyo andika "kwa magari yasiyo na ufunguo wa chipu", na kwa mengine turuhusu tu kila mtu afanye anachotaka kwenye kompyuta. Kwenye injini isiyo na tabo faida yake ni ndogo, na kukataza bila kupima umekwishasema mwenyewe kunafanya nini.

#15 | Jiwe_la_Bismarck

Kwa kamshafti na hedi kuna kanuni ya kununuliwa, inayotumika kwenye baadhi ya mbio za udongo Marekani: mshindani yeyote aliyemaliza raundi zote anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyopangwa mapema. Nani ataweka milioni kadhaa kwenye injini inayoweza kuondoka kwa bei ya mtumba?

#16 | Gia_ya_Pili

Naipinga kwa hapa kwetu. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule Jumatatu. Ukimng'olea mtu injini Jumapili jioni umemwacha kwa miguu, na mwenye pesa atanunua injini ya mpinzani wake ili kumkomoa tu. Tuweke pingamizi lenye dhamana: anayelalamika anaweka fedha za gasketi ya hedi, oili, maji ya rejeta na ufundi, kwa bei iliyobandikwa ukutani asubuhi. Injini inafungwa sili ya waya na risasi pale pale, kupitia bolti mbili za kava ya tepeti zilizotobolewa vichwa, na inafunguliwa ndani ya siku 7 mbele ya pande zote mbili. Ikionekana safi, dhamana inakwenda kwa mwenye gari. Ikionekana chafu, inarudi kwa mlalamikaji na mwenye gari analipa.

#17 | Jiwe_la_Bismarck

Hoja ya Jumatatu ni nzito, naondoa pendekezo langu. Ila hiyo sili isiwe ya mlalamikaji pekee: ifungwe kwa magari matatu ya kwanza kila daraja mara tu yanapovuka mstari wa mwisho, kabla matokeo hayajasomwa. Bila hivyo, muda wa kusubiri pingamizi unatosha mtu kwenda nyumbani na kurudi.

#18 | Kapripoint_Koni

Imeingia. Naandika: matatu ya kwanza, sili ndani ya dakika 10, eneo lililozungushiwa kamba, dereva haruhusiwi kufungua boneti bila mkaguzi isipokuwa injini ikichemsha. Dakika 30 za pingamizi kuanzia matokeo kubandikwa, kwa maandishi, likitaja kanuni moja kwa namba yake.

FundiNyakato, nahitaji bei ya gasketi ya hedi ya 1NZ na ya 4A (injini ya Corolla) kwa ajili ya ule ukuta.

#19 | FundiNyakato

Kesho nitapita madukani nichukue bei tatu tatu kwa kila moja. Nitaweka na ya bolti za hedi pia, maana za NZ zikivutika urefu hazirudishwi, na hilo lazima liwemo kwenye dhamana.